Marehemu Abrahamu Shekiondo, Aliyeipima Theluji ya Kibo

Marehemu Abrahamu Shekiondo alizaliwa Mlalo, Usambara, tarehe 3 Machi 1909, mtoto wa tatu wa Mzee Safari na Mama Anjela. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akateremka pwani. Alivuna chumvi Moa miaka sita, na mwaka 1935 akaajiriwa karakana ya shamba la mkonge, Mwera. Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na Yudith.

Mkuu wa karakana, Bwana Keller, alikuwa Mswisi mpenda milima. Tangu 1950 alimchukua marehemu Kilimanjaro kila likizo, akamfundisha kuteleza kwa mbao miguuni na kuchimba shimo kwenye theluji ili kuona matabaka yake. Kuteleza, marehemu alianguka mno. Kuchimba, hakuwa na mfano.

Tarehe 9 Januari 1954, baada ya siku mbili za theluji na upepo, wageni wawili walioandamana nao walitaka kuteleza kwenye mteremko mkali wa Kibo. Marehemu akachimba. Chini ya tabaka jipya lililokaza kama ubao alikuta chembe kavu, zikamtiririka vidoleni. Aliposogea hatua moja, theluji iliguna chini yake na ufa ukakimbia mbele.

"Bwana, hapa hapapitiki," alisema. "Juu pamekaza, chini ni chumvi tupu. Tukikanyaga, lote litaondoka nasi."

Mgeni mmoja akacheka. "Mpagazi ndiye wa kutuambia?"

Marehemu alihofia kibarua kuota nyasi, lakini alisimama mbele yao, hakupisha. Bwana Keller akaingiza mkono shimoni, akasema, "Tunazunguka."

Walishuka kwa ukingo wa mawe, mbao begani. Hawajafika chini, mteremko wote ukaporomoka kwa kishindo. Yule mgeni aliyecheka alivua kofia, akaushika mkono wa marehemu kwa mikono yake miwili.

Nyumbani, wanawe walipomwuliza ilikuwaje, alitandaza sukari kwenye sinia, akaifunika kwa unga, akaliinamisha. Unga wote ukamwagika.

"Baba Kristina!" mkewe akalalama. "Na ugali tutasonga na nini?"

Siku hiyo walikula mihogo.

Mwaka 1957 alianza kusumbuliwa na kifua. Alilazwa Tanga tarehe 2 Agosti 1958, akafariki tarehe 11, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Siku mbili kabla, alimwambia mdogo wake Ernesti, "Watu wananisifu ushujaa. Waambie watoto niliogopa kila mara, ndiyo maana nilichimba."

Ameacha mjane, Mama Yudith; watoto Kristina, Luka na Ruthi; mdogo wake Ernesti; na wajukuu wawili. Mungu ampokee, naye apumzike kwa amani katika udongo huu wa Mwera.