Bechan Sahani, Aliyeacha Kwenda Kufia Kashi

Marehemu Bechan Sahani, ambaye hapa Msambweni kila mtu alimwita Baba Bechani, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1899 huko Bara Hindi, katika mji wa Banaras, ambao wenyewe huuita Kashi. Babake alikuwa akivusha watu mto Ganga kwa mashua.

Darasani alikaa miaka miwili tu. Mengine alijifunza kwenye ngazi za mawe zinazoshukia mtoni: kwamba mji ule ni mkongwe hata hakuna ajuaye umri wake, kwamba mahekalu yake yalivunjwa na kujengwa tena, kwamba hariri ya maharusi wa Kihindu hufumwa na Waislamu. Na kubwa kuliko yote, kwamba anayefia Kashi hazaliwi tena duniani, amekwisha pumzika. Ndiyo maana wazee hutoka mbali wakaenda kuingojea siku yao pale.

Alifika Mombasa mwaka 1922, akawa mpishi wa sukari guru kwenye mashamba ya miwa kusini ya Msambweni kwa miaka thelathini na minane. Mikono yake ilijaa makovu ya moto. Watoto wa mtaa walimpenda kwa ukoko wa sukari aliowaletea.

Mwaka 1931 alikwenda Kinango kumposa Sidi, binti wa Mzee Fondo. Mzee hakutaka kusikia habari ya Mhindi. Bechan, akitazama zizi la mzee, akaeleza kwamba kwao ng'ombe akiingia kichochoroni, watu hujibanza ukutani ili apite. Fondo alikuwa mfugaji tangu utotoni.

"Basi mchukue," akasema. "Watu wanaompisha ng'ombe hawatamtesa mwanangu."

Uhuru ulipokuja, alichukua uraia wa Kenya, mwaka 1964. Lakini aliwaambia wanawe wazi: kuishi ni hapa, kufa ni Kashi. Barua za mpwawe zilimweleza kuwa siku hizi vichochoro vimejaa baiskeli, redio na taa za umeme, ila moto wa kuchomea maiti ungali ukiwaka usiku na mchana. Alizisoma huku analia.

Januari 1966 alishikwa na kifua. Wanawe wakamtafutia nafasi melini. Asubuhi ya safari, tarehe 4 Aprili, alikaa juu ya sanduku lake uani, akamwita mkewe.

"Sidi, tufuatane."

"Nitafuatana nawe vipi, bwanangu, na miguu hii haifiki hata sokoni?"

Bechan akainuka, akamwambia mwanawe Mangi alifungue sanduku.

"Umengoja zaidi ya miaka arobaini, mzee wewe!" Sidi akamgombeza. "Nenda!"

"Nikifia kule sirudi tena, Sidi. Nami nataka kurudi. Nisiporudi, nitakukuta wapi?"

Sidi alijifunika uso kwa leso, na nyumba nzima ikalia.

Alifariki Jumatano, tarehe 18 Mei, mkewe amemshika mkono. Leo anachomwa kwa desturi ya kwao, na majivu yake yatatiwa katika mto Mkurumudzi, kama alivyoagiza mwenyewe.

Amemwacha mkewe, Sidi. Watoto wawili, Jemima na Mangi. Na wajukuu watano.

Pumzika kwa amani, Baba, ila usikawie huko. Mama anakungoja.