Kelele za Spika

Kijiwe chetu kinatazamana na mlango wa daktari wa meno, na mlango huo una kufuli wiki ya tatu leo. Kufuli hilo tumelitia sisi, ingawa hapa hakuna atakayekubali. Spika, tunayemwita hivyo kwa sauti yake, alikwenda kung'olewa jino. Mwenzetu Simu Mbili akamsindikiza, akarekodi, na video ya Spika akipiga kelele ikatazamwa na watu laki mbili. Wagonjwa wakakimbia, daktari akahama. Sisi tunakunywa kahawa.

— Imefika laki mbili na elfu kumi, alijisifu Simu Mbili. Wengine wanauliza kama Spika yu hai.

— Yule daktari alikuwa anauza meno ya watu, alidakia Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Nimesoma humu humu kwenye simu.

— Amuuzie nani?

— Matajiri hawana mapengo? Na mbona alivaa barakoa? Mficha maradhi, kifo humuumbua!

— Na ile taa ya usoni, bwana, inapiga picha ubongo, akaongeza mwingine.

— Ubongo wa Spika? Picha ingetoka nyeupe!

Tukacheka. Spika hakucheka. Alikuwa akinywa kahawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Akaja mama mmoja amembeba binti wa miaka kama sita, shavu limevimba mpaka jicho linafumba. Alitoka mbali. Aliambiwa hapa kuna daktari anayejua kubembeleza watoto.

— Kubembeleza! Profesa akaruka. Dada, Mungu amekuepusha. Simu Mbili, mwonyeshe.

Mama akaitazama video yote, mtoto akiugulia begani. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

— Huyu anayelia ni nani?

Tukamsonta Spika.

— Pole, kaka. Hapo daktari alikuwa ameshakugusa?

Simu Mbili akainamia kikombe chake. Kwenye video daktari amesimama kule dirishani, ndio kwanza anavaa glavu. Nimewatumia watu kumi na saba video ile, na naona haya kusema, sikuwa nimeliona hilo.

— Kaka, nakuuliza wewe.

Mkono wa Spika ulikuwa shavuni, juu ya jino lile lile, ambalo halijang'olewa mpaka leo.