Daktari Delphine na Unga wa Watoto Wanaojikuna

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo sauti yangu si nzuri, mtanivumilia. Jumanne tulimzika Daktari Delphine Kisimba, daktari wa watoto hapa kwetu Likasi. Moyo wake ulisimama ghafla, akiwa kazini. Tunamkumbuka yeye, na kazi moja aliyoiacha njiani.

Delphine alizaliwa mtaa wa Panda, hapahapa Likasi, binti wa fundi wa kiwandani. Mdogo wake, Samy, alikuwa na ukurutu: ngozi kavu, inayowasha, inayopasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Walidhani atawaambukiza. Samy sasa ni mtu mzima. Kwenye kilio, pale msibani, alituambia hivi: "Minye nilikuwa najikuna mpaka damu. Delphine alikuwa ananishika mikono, ananiimbia, mpaka usingizi inanibeba. Na yeye alikuwa mutoto!"

Basi akasomea udaktari. Na alikuwa mkali, huyo mama! Ukimletea mtoto aliyepakwa krimu ya kuchubua ya sokoni, sauti yake ilifika mpaka barabarani.

Swali lake lilikuwa moja. Mwili wa mtoto una kinga ya kupigana na magonjwa. Kwa watoto kama Samy, kinga hiyo hushtuka ovyo, kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Lakini ndani ya matumbo yetu wanaishi bakteria, na wengine ni wema. Je, mtoto akipewa bakteria hao wema, wakiwa hai ndani ya unga, kinga yake itatulia? Ngozi itapona? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Delphine alitaka jibu kwa watoto wa Likasi.

Akapata wafadhili, akaanza utafiti. Nusu ya watoto walipewa unga wenye bakteria. Nusu walipewa unga mtupu. Pakiti zilifanana. Nani ana upi? Mama hajui, na daktari mwenyewe hajui. Umeme ukikatika, Delphine alikimbiza pakiti, bakteria wasife kwa joto, kwenye friza ya muuza samaki mwenye jenereta, zikalala kando ya samaki wa ziwa Tshangalele. Miaka miwili alihangaika hivyo.

Siku moja alikwenda mtaa wa Kikula kumtembelea Mama Eugénie, ambaye mwanawe alikuwa kwenye utafiti. Jirani yake wa ua huohuo, Mama Mamie, naye alikuwa na mtoto kwenye utafiti. Daktari akakuta sufuria moja ya uji uliopoa, na pakiti za watoto wote wawili zimemiminwa humo. Eugénie hakuficha kitu.

"Docteur, shiye tunakaa lupango moja. Mutoto wangu akunywe dawa, wa Mamie akunywe unga ya bule? Tutaangaliana je? Tunachanganya, tunagawa, kila mutoto anapata kidogo."

Wasikilizaji, mimi ningefanya vilevile. Nani kwetu anakula huku mwenzake anamtazama? Lakini utafiti ulikuwa umeharibika: watoto wote wamekunywa kilekile, utamlinganisha nani na nani? Delphine akauliza barabara ya pili, ya tatu. Kote akina mama walikuwa wamegawana. Wenzake walimshauri anyamaze, nani atajua? Alikataa. Aliwaambia wafadhili ukweli wote, nao wakafunga mfuko. Miaka miwili ikaenda na maji.

"Alikuja kwangu, akalia," Samy anakumbuka. "Nikamuambia, bale bamama banakuharibia kazi. Akakatala. Asema, 'Samy, kosa ni yangu. Nilibaambia bafanye nini, sikubaambia juu ya nini bafanye vile.'"

Akaomba fedha kwingine, akanyimwa, akaomba tena mpaka akapata. Mwaka jana alianza upya. Safari hii alikaa uani na akina mama, akamenya nao mihogo, akawaeleza polepole. Mkigawana, hatutajua kamwe. Na watoto watakaozaliwa kesho watajikuna kama hawa. Eugénie na Mamie walirudi, na wengine wengi.

Sasa amekufa, na jibu halijapatikana. Wenzake wameahidi kuendelea. Lakini hofu yetu ilikuwa hii: aliyewatia moyo akina mama hayupo, si watarudi kugawana? Nilimuuliza Eugénie kwenye kilio, alipokuwa akiinuka kwenda kumpikia mwanawe uji. Alinijibu huku machozi yanamtoka.

"Mutoto wangu, ngozi inaanza kuwa muzuri. Wa Mamie angali anajikuna, namusikia mu ukuta. Mukono yangu inataka kumupa. Na Mamie haniombi, ananiangalia tu. Ile njo inaniuma sana. Lakini docteur alituomba. Hatutamuharibia mara ya pili."

Kwa Samy, kwa familia yote ya Kisimba, kwa wauguzi na madaktari aliofanya nao kazi: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nawe unayenisikiliza, kabla hujarudi kwenye shughuli zako, tulia kidogo ufikirie. Kuna mama hapa mjini ambaye jioni hii atamsikia mtoto wa jirani akijikuna, na ataurudisha mkono wake, kwa ajili ya watoto ambao hatawajua. Mwombeeni nguvu. Na mtoto wa Mamie, mwombeeni zaidi.