Eudald Vilaseca na Chemchemi ya Rovellar

Ndugu waombolezaji, mimi ni Medir, mdogo wake mjane Roser, na haya nitakayosoma nimeyashuhudia yote kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwa marehemu, ingawa mimi nilikuja duniani miaka kumi na mmoja baadaye.

Shemeji yangu Eudald Vilaseca alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1958, kwenye shamba la nguruwe la baba yake, hapa Rovellar, akasoma shule ya parokia hadi 1972, kisha akashika koleo. Tarehe 8 Mei 1983 alifunga ndoa na dada yangu, na karamu ikaliwa chemchemini, kama walivyozoea babu zetu, mikate na soseji juu ya nyasi, maji yakitoka mwambani. Mwaka 1991 walijaliwa binti, Queralt.

Mwaka 1998 chemchemi ilibandikwa kibao, maji hayafai kunywa, kwa kuwa naitrojeni ya samadi yetu sote ilikuwa imezama ardhini, na shamba la Eudald ndilo lililo juu yake, akaapa kwamba Queralt naye ataolewa palepale, maji yakinyweka.

Basi mwaka 2009, samadi iliyokwisha kutoa gesi tangini akaipuliza hewa, ule ukali wa amonia ukapanda kwenye mnara alioujenga kando ya tangi, ukanaswa kwenye tindikali, ukageuka mbolea ya kwenda kwa wakulima wa mahindi bondeni badala ya kuzama ardhini. Tulimcheka, "Eudald, sasa unakamata ushuzi wa nguruwe?" naye akanijibu, "Na wako niletee, Medir, una nguvu zaidi." Sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mlinzi wa mifugo, 17 Januari 2010, tangi likafurika povu, povu likateremka barabarani hadi miguuni mwa farasi waliokuwa wakibarikiwa, padre akalibariki na lenyewe, ndipo dada yangu akafoka, "Mwanaume wewe, hujawahi kuona jamu ikifurika? Tia mafuta!" Akamimina mafuta ya zeituni, povu likanywea, na waliocheka wakaanza kuleta samadi zao, wakaunda naye ushirika.

Agosti 2023 aliugua saratani ya kongosho, akalazwa hospitali mjini Vic. Tarehe 2 Machi 2024 kibao kiling'olewa, nikampelekea chupa ya maji, akanywa, akasema, "Yana ladha ya mawe, kama zamani," na tarehe 5 akafariki. Queralt anaolewa Mei, chemchemini.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa ushirika.

Ila yale maneno ya mawe nimeyatunga mimi. Shemeji alikunywa tu, akanyoosha kikombe aongezwe.

Pumzika kwa amani, Eudald, maji yapo.