Pacha Wangu Alikwenda na Fungu Lake

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimekataa kusimama hapa mara nyingi, lakini leo nimekuja kushuhudia.

Mnajua kwetu Kivu: mapacha ukimpa mmoja, umpe na mwenzake. Kitenge kwa huyu, kitenge kwa yule. Hata kofi, hivyo hivyo. Basi simu ilipotoka Sharpstown, alikokuwa akiishi pacha wangu, kwamba ameanguka jikoni, presha imemuua, nilipigwa na butwaa. Jana yake tulicheka! Halafu nikawaza: yeye amepewa kifo, changu kiko njiani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikisubiri. Dokta hapa ugenini Garland alinipima, presha yangu nayo iko juu, akaniandikia dawa. Nikazitupa kabatini. Nimeze za nini? Nikawaonyesha watoto nguo ya kunizikia. Mungu wangu, watoto! Mdogo alitoka mbio akajifungia bafuni.

Kazini tunahudumia wazee. Nilimwambia mwenzangu, mama mmoja Mwigbo wa Nigeria, kwamba zamu yangu imefika. Nilidhani atanililia. Alinikodolea macho kama nimemwibia.

"Nani kakwambia? Kwetu tunasema, mama ni mmoja, chi si mmoja!"

Nikamwuliza chi ndiye nani. Akasema ni roho ambayo Mungu humpa kila mtu peke yake, pamoja na fungu lake la maisha. Mapacha pia, kila mmoja na wake. Bibi yake alikuwa na kibakuli cha chi wake, na alipofariki walikivunja.

"Hakirithiwi! Wewe unakula kwenye kibakuli cha nani?"

Jamani, nilishtuka kuliko siku ya ile simu. Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kuniambia nina kitu changu peke yangu.

"Mtu akikubali, chi wake hukubali," akasema. "Umekubali kufa. Sasa kataa." Akanileta nyumbani, akasimama mbele ya kabati mpaka nikameza.

Mimi bado ni mtu wa kwaya, msinitazame hivyo! Asante mama wa kazini, nakuona pale nyuma. Asanteni nyote mliosonga bugali jikoni kwangu nikiwa siwezi kusimama. Ukifiwa, lia sana, lakini dawa yako meza.

Tangu utoto sikuwahi kuvaa nguo isiyo na mwenzake. Hii mnayoiona, nilinunua kitenge cha mtu mmoja tu. Nililia mle dukani. Lakini nimeivaa.