Funda Moja Kabla ya Kutaja Jukwaa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika kituo chetu cha treni, Shangazi Kikombe anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni.

Aliajiriwa kukata tiketi. Siku moja mtangazaji aliugua, naye akasukumwa mbele ya kipaza sauti kwa kuwa ndiye pekee aliyesikika kituo kizima bila hicho kipaza sauti. Hakurudi dirishani tena.

Jina la utani lilikuja baadaye, kinga ya mwili wake ilipozigeukia tezi za mate na machozi na kuzikausha. Hakuweza kumaliza tangazo bila maji. Alitaja treni, akanywa funda kikombeni, ndipo akataja jukwaa. Abiria walizoea. Katika kimya kile walibeba mizigo na kuwashika watoto mikono. "Siku hizi hata vitunguu vinaniogopa," alitutania.

Kosa lilikuwa letu sote: kwa kila alicholalamikia tuliusingizia ukavu. Akichoka, ukavu. Mifupa ikimuuma, ukavu. Kiu ilipozidi, na safari za msalani nazo, tulimwongezea birika. "Kunywa maji, Shangazi," ndiyo ilikuwa dawa yetu. Mpaka alipopata jiwe kwenye figo, daktari akapima damu na kukuta kalsiamu imepanda. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo zinazosimamia madini hayo. Moja ilikuwa imevimba na kufanya kazi kupita kiasi, ikiinyonya mifupa kalsiamu yake. Ugonjwa wa pili ulikuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza.

Ilibidi tezi hiyo itolewe, lakini mshipa wa fahamu wa sauti unapita jirani, na daktari hakuficha hatari. Mumewe alimsihi angoje astaafu kwanza. "Baba watoto," alimjibu, "mifupa ikiisha, hiyo sauti itasimama wapi?"

Alirudi wiki ya tatu baada ya upasuaji. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni, wapagazi wakaacha mikokoteni. Sauti ilitoka na mkwaruzo, kisha ikanyooka. Kiu kali na maumivu ya mifupa vilimwachia. Ukavu umebaki, na kikombe kimebaki nao.

Kwa hiyo Ijumaa asipotoa machozi, tusimdhanie vibaya. "Mimi nalia kikavu," ameshatuonya. Nasi wa chumba cha matangazo tumekubaliana: tukishataja treni, tutanyamaza kwa muda wa funda moja, ingawa vinywa vyetu havijakauka. Abiria wanauhitaji.

Asante, Shangazi. Tunakuombea mifupa imara, na kikombe chako kisikauke.