Mshale wa Salima

Basi lilipoondoka Nizwa, mzee aliyekaa mbele yangu alijitambulisha kwa jirani yake kuwa ni Humaid bin Saif, bin fulani, bin fulani, na tulipofika Izki babu zake walikuwa bado wanazaliwa. Jirani yake, mama wa makamo, alijibu kwa jina moja tu: "Hafidha."

"Sisi ni Waazdi," mzee akasema kwa Kiswahili cha Unguja. "Babu yetu Malik bin Fahm ndiye aliyewafukuza Waajemi Oman. Leo mwanangu ananambia ataka kuoa binti ambaye kwao hawamjui hata babu wa nne! Wallahi sitakubali. Mtu ni asili."

"Mashaallah. Na huyo Malik alikufaje?"

Mzee akakohoa. "Kwa mshale, wasimulia."

"Wa Waajemi?"

"Wa mwanawe wa kiume, Salima. Alimdhania adui gizani."

"Na kulenga alifunzwa na nani?"

"Na babake," mzee akajibu, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia tangu Nizwa.

"Ama kweli asili," Bi Hafidha akasema. "Hao wa kwao yule binti, masikini ya Mungu, hata baba mmoja hawajapata kumuua."

Sikucheka. Nilijitia kufunga kamba za viatu, nami nimevaa makubadhi.

Basi likasimama Samail. Mzee akainuka. "Mwanangu huyo nje, angoja jibu langu."

Bi Hafidha akachungulia dirishani, kisha akampisha. "Shuka salama, baba. Lakini jitambulishe kwanza, asije akakudhania adui."